ZUIO SI RUZUKU: MKULIMA WA NDIZI WA KYELA ANADAI HAKI YAKE



Mwezi Machi 2025 serikali ya Malawi ilipiga marufuku kuingiza nchini mwake unga, mchele, tangawizi, ndizi na mahindi kutoka nje, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopigwa na marufuku hiyo. Mwezi Aprili serikali yetu ikajibu. Tarehe 23 Aprili Waziri wa Kilimo wa wakati ule, Bwana Hussein Bashe, akafunga mlango kwa mazao ya Malawi na ya Afrika Kusini, ambayo kwa miaka kadhaa ilikuwa imezikataa ndizi zetu. Siku chache baadaye mlango ukafunguliwa tena ili wakubwa wapate kukaa mezani. Magazeti yakaandika, redio zikatangaza, watu wa mijini wakapiga makofi. Sisi tulioko Ndandalo tulikuwa na swali moja tu, nalo mpaka leo halijajibiwa: mkungu uliooza ameulipa nani?

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba serikali ilikosea kujibu. Nchi isiyojibu inapofungiwa mlango hudharauliwa, na sisi hatupendi nchi yetu idharauliwe. Lakini twasema wazi, na twataka kila mwanachama alishike neno hili kabla hajasimama mkutanoni: zuio si ruzuku. Zuio linampa adabu jirani. Halimpi mkulima hata senti moja. Tulipowazuia wenzetu kuleta matofaa yao, mwenye migomba hapa kwetu hakupata kitu, kwa kuwa yeye hauzi matofaa. Ndizi zake zilikuwa palepale, juu ya baiskeli, juu ya lori, kando ya njia ya Kasumulu, zikibadilika rangi.

Asiyezijua ndizi anaweza kudhani kwamba mfanyabiashara anaposimama siku kumi, na zao linasimama naye. Sivyo. Hapa Kyela tunalima mpunga, na mpunga ukikosa bei mtu huuweka ndani akangoja. Tunalima kakao, na kakao ikishavundikwa na kukaushwa vizuri hukaa ghalani mpaka siku ya mnada. Mkungu uliokomaa hauna ghala. Ukiuacha mgombani ndege na popo hula pamoja nawe. Ukiukata umeanza kuhesabu siku. Isitoshe, habari hizi zilikuja Machi na Aprili, na kila mtoto wa bonde hili ajua Aprili ni mwezi gani kwetu. Ni mwezi wa mvua kubwa, mito Songwe, Kiwira na Mbaka imejaa, njia za mashambani ni tope, na mchuuzi mwenye fuso ndiye mwenye kusema bei. Akikuambia leo mpaka umefungwa, na huku mkungu umekwisha kukatwa, utabishana naye kwa nguvu gani?

Tuchukue mfano, si wa mtu fulani, ni hesabu tu ya kueleza jambo. Mwenye mikungu arobaini iliyo tayari, akitazamia kupata shilingi elfu nane kwa kila mkungu, anangojea shilingi laki tatu na elfu ishirini. Hiyo ndiyo sare ya shule, ndiyo dawa, ndiyo kibarua cha kupalilia mpunga. Mpaka ukifungwa, mchuuzi atasema elfu mbili. Ndizi zote zikichukuliwa kwa bei hiyo, mkulima ameshika elfu themanini. Laki mbili na elfu arobaini zimekwenda wapi? Hazikuibwa na mwizi. Zimechukuliwa na amri iliyopigwa muhuri katika mji ambao mkulima huyu hajawahi kufika, katika ugomvi ambao yeye hakuuanza wala hakuulizwa.

Hapo ndipo shauri letu liliposimama. Hasara ya mvua ni hasara ya Mungu. Hasara ya mkulima mvivu ni yake mwenyewe. Lakini hasara iliyoletwa na ugomvi wa serikali mbili ni ya nani? Twasema ni ya taifa zima, na taifa zima liibebe. Askari akienda mpakani kwa amri ya nchi, nchi humlisha. Mkulima amewekwa mpakani kwa amri ya nchi, akaambiwa avumilie kwa heshima ya nchi, kisha akaachwa ajilishe.

Tunawasikia mabwana fulani wakisema kwamba mambo ya kuwalipa wakulima fedha za serikali ni fikra za kizamani, ati soko ndilo linaloamua, ati ruzuku huzaa uvivu. Mabwana hawa husoma sana vitabu vya Ulaya na Marekani, lakini hawatazami Ulaya na Marekani zinafanya nini. Basi tuwakumbushe.

Mwezi Agosti 2014 Urusi iliyakataa matunda na mboga za nchi za Umoja wa Ulaya kwa sababu ya mambo ya Ukraine. Je, Tume ya Ulaya iliwaambia wakulima wa matofaa na nyanya kwamba soko ndilo linaloamua? La. Mwezi uleule wa Agosti ilitenga euro milioni 125 kwa ajili ya matunda na mboga zinazooza upesi. Mkulima alilipwa kwa kuyaondoa mazao sokoni, na matunda mengine yakagawiwa bure badala ya kutupwa. Mwaka 2018 Marekani iligombana na China juu ya ushuru, China ikapunguza kununua soya na nguruwe. Mwezi Julai mwaka huo serikali ya Marekani ikatangaza msaada wa mpaka dola bilioni 12 kwa wakulima wake, na Mei 2019 ikatangaza nyingine bilioni 16. Mkulima wa Iowa, mwenye trekta na bima na benki inayomjua kwa jina, hakuonekana mvivu kwa kupokea. Anakuwa mvivu mwenye jembe la mkono peke yake?

Wala hatuna haja ya kuvuka bahari kutafuta mfano. Novemba 2018, wafanyabiashara walipogoma kununua korosho za kusini kwa bei ya haki, Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali itazinunua zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, akawatuma wanajeshi na malori yao kwenda kuzibeba. Kuna waliolalamika, na walikuwa na sababu: malipo yalichelewa, na wako wakulima waliongoja miezi mingi. Sisi hatuufichi upungufu huo, maana ndio wenye kutufundisha namna ya kutenda. Lakini jambo moja lilithibitika siku ile mbele ya nchi nzima. Serikali ikitaka, inaweza. Kumbe neno "haiwezekani" tunaloambiwa kila siku maana yake ni "hatujataka".

Kwa nini basi korosho inaweza na ndizi haiwezi? Jibu twalijua, nalo ni chungu kidogo kwetu sisi wenyewe. Korosho ina bodi, ina vyama, ina wabunge wa mikoa mizima wanaosimama kwa ajili yake. Mwaka 2018 Bunge lilipobadilisha sheria, fedha za ushuru wa kusafirisha korosho, ambazo asilimia 65 yake ilikuwa ikirudi kulihudumia zao lenyewe, zikaelekezwa zote Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa kusini walipambana mpaka nchi nzima ikasikia. Walishindwa siku ile, lakini hakuna aliyeweza kusema hakujua. Kakao yetu hapa Kyela nayo imepata kwa kusimamia: tangu mwaka 2018 inauzwa kwa stakabadhi ghalani, inapimwa katika vyama vya msingi, na mnunuzi anashindana na mwenziwe mnadani badala ya kupita nyumba kwa nyumba na kipimo chake mwenyewe. Ndizi haina mwenyewe. Ndizi ni ya mama, ni ya uani, ni ya kuuza leo tupate chumvi. Hivi ndivyo wakubwa wanavyoiona, na hivi ndivyo, tuseme kweli, waume wengi wanavyoiona. Zao linaloitwa la wanawake halina chama, halina daftari, na siku ya kilio halina msemaji.

Na wengine watauliza: kwani serikali haitoi ruzuku? Inatoa. Katika mwaka wa fedha 2022/23 ilitenga shilingi bilioni 150 kwa ruzuku ya mbolea, na wakulima wakaandikishwa, kila mmoja na namba yake. Ni jambo jema na tumelisifu. Lakini mbolea inamsaidia mtu kupata mazao. Haimsaidii mtu ambaye mazao anayo na mnunuzi hana. Kumpa mbolea mkulima ambaye mikungu yake inaoza mpakani ni kumwongezea mikungu ya kuoza. Na migomba yetu, Bwana Shamba yeyote wa wilaya hii atakuambia, kwa sehemu kubwa inakua kwa majivu, kwa samadi na kwa rehema ya udongo huu. Mkulima wa ndizi amekuwa akipitwa na gari la ruzuku huku akilipungia mkono.

Mikopo pia inatajwa. Benki ya Maendeleo ya Kilimo ipo tangu 2015, Mfuko wa Pembejeo upo tangu miaka ya tisini. Hatuikatai mikopo kwa mtu anayetaka kupanua shamba. Ila mtu aliyepata hasara kwa sababu ya amri ya serikali ukimwambia akakope, umemfanya alipe hasara hiyo mara mbili, mara ya pili na riba.

Hapa yafaa tuseme neno juu ya jirani zetu, kwa sababu tumesikia katika mikutano maneno yasiyofaa. Wako vijana wanaosimama na kuwatukana Wamalawi. Waache. Sisi Wanyakyusa na wenzetu Wangonde wa Karonga ni ndugu. Mto Songwe umepita katikati ya ukoo, haukuugawa. Mkulima wa Malawi alinyang'anywa migomba yake na ugonjwa wa virusi unaoidumaza mpaka majani yakajikusanya juu kama ufagio, akawa ananunua ndizi ambazo zamani alikuwa akiuza. Akitaka kuinuka tena, si dhambi. Serikali yake nayo ilikuwa haina fedha za kigeni. Novemba 2023 ilishusha thamani ya kwacha kwa asilimia 44, na tangu hapo kila mchuuzi wa Kasumulu alijua kwamba upepo umegeuka, maana noti zilezile hazikununua tena mikungu ileile. Tunaloliuliza ni hili: kama mchuuzi alijua tangu 2023, wenye ofisi walikuwa wakifanya nini mpaka Machi 2025?

Maana mkataba upo. Tanzania na Malawi zote ni wanachama wa SADC, na eneo huru la biashara la SADC lilizinduliwa mwaka 2008. Tukaambiwa mipaka imefunguka. Mikataba hutiwa saini hotelini, kwenye viyoyozi na maji ya chupa. Ndizi husimama darajani, kwenye jua. Hatujapata kuona hoteli na daraja vikikutana.

Na kakao isijione salama. Bei ya dunia ilipanda mwisho wa mwaka 2024 mpaka ikapita dola 12,000 kwa tani, na katika mwaka 2025 ikaporomoka hadi karibu nusu ya hapo. Umoja wa Ulaya nao umetunga sheria mwaka 2023 kwamba kakao itakayoingia kwao lazima ijulikane imetoka shamba gani, kwa vipimo vya ramani, ili kuthibitisha kwamba msitu haukukatwa. Wameahirisha kuanza kwake mara mbili, lakini hawajaifuta. Nani atakayelipa gharama ya kupima nusu eka ya mjane wa Ndandalo? Kama hatujajifunza kwa ndizi, tutafundishwa kwa kakao, na ada itakuwa kubwa zaidi.

Sasa tuwajibu wanaosema fedha hazipo.

Lori la mazao likipita kizuizini linatozwa ushuru wa mazao. Sheria ya fedha ya mwaka 2017 iliushusha kutoka asilimia tano hadi tatu kwa mazao ya biashara na mbili kwa mazao ya chakula. Vizuri. Lakini katika bonde lenye mpunga, kakao, ndizi, machungwa na mawese, asilimia hiyo si kitu kidogo. Mkulima akiuza cha shilingi milioni moja, halmashauri inachukua elfu ishirini au thelathini, iwe mwaka wa neema au mwaka wa taabu. Ni miaka mingi sasa mkulima ameipa halmashauri. Hatuombi sadaka. Tunadai sehemu ya fedha hizo itengwe katika mfuko wa wilaya wa kumfidia mkulima wa matunda na mboga anapofungiwa soko kwa amri ya serikali yoyote, yetu au ya jirani, na Serikali Kuu iongeze shilingi kwa kila shilingi ya wilaya, kwa kuwa ugomvi wa mpakani ni wa Serikali Kuu wala si wa diwani.

Wanasema watu watadanganya. Kweli, watu watajaribu. Huko Ulaya mwaka 2014 madai yalizidi mpaka Tume ikausimamisha mpango wake mwezi Septemba, haujamaliza hata mwezi, kisha ikaleta mwingine wenye masharti makali zaidi. Na Marekani wakubwa wa mashamba ndio waliochota sana. Ulaya walidanganya wakasahihisha. Hawakusema kwamba kwa kuwa wako waongo, basi wakweli nao wafe njaa. Dawa ya uongo ni daftari. Kakao inapimwa katika chama cha msingi na mkulima anapewa stakabadhi. Mbolea ina namba ya mkulima. Kwa nini mkungu usihesabiwe? Na kiwekwe kiwango cha juu kwa kila kaya, ili fedha isimezwe na watu watatu wenye mafuso ambao hata mgomba hawajapata kuupanda. Tunasema hivi mapema, kwa kuwa tunawafahamu: siku mfuko ukianzishwa, walanguzi ndio watakaokuwa wa kwanza kuvaa kofia za wakulima.

Tena fidia peke yake haitoshi. Mtu aliyelipwa mkungu uliooza mwaka huu atataka kuuza mkungu mzima mwakani. Sehemu nyingine ya ruzuku ijenge mahali pa kuoshea, kupanga na kufungia ndizi kwenye makasha karibu na barabara kuu, mali ya vyama vya wakulima, isiwe ya bwana mmoja. Iilipie gharama ya ukaguzi wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ili mkulima mdogo apate cheti cha usafi wa mazao yake palepale wilayani bila kufunga safari. Mara nyingi mnunuzi wa nje anapotaka kukukataa hasemi hataki ndizi zako; husema zina wadudu. Ukiwa na cheti mkononi, atatafuta kisingizio kingine, lakini hicho kimoja umemnyang'anya. Na barabara ya Uyole kwenda Mbeya na Dar es Salaam haina mpaka wala kwacha. Watu wa huko wanakula ndizi. Kinachotushinda ni kuzifikisha zikiwa nzima.

Sasa neno kwa chama chetu wenyewe. Tumezoea hotuba. Mwezi Aprili 2025 zilitolewa hotuba kali za uzalendo, na baada yake hakuna aliyekwenda shambani na kalamu. Leo tukiulizwa ni mikungu mingapi ilipotea katika kata ya Ndandalo, hatuna hesabu. Serikali haiwezi kulipa kilio, inalipa hesabu. Kwa hiyo tunawaagiza makatibu wa matawi yote ya kata hii, na tunawaomba wa Ikolo, Ngana, Katumbasongwe na kwingineko kando ya mto wafanye vivyo hivyo: kila tawi lifungue daftari la wakulima wa ndizi, machungwa na mboga. Liandikwe jina la mwenye shamba, na kama mwenye kulima ni mama, liandikwe jina la mama na si la mumewe. Iandikwe idadi ya migomba inayozaa, mikungu iliyouzwa kila mwezi, aliyenunua alitoka upande gani, na bei aliyotoa. Mwenye kumbukumbu ya hasara ya mwaka 2025 ailete, hata ikiwa imeandikwa nyuma ya bahasha, na jirani mmoja ashuhudie.

Madaftari hayo yafike ofisi ya kata kabla halmashauri haijaanza kupanga makisio ya mwaka ujao. Siku ya kikao cha baraza la madiwani tutakwenda, tutakaa kwa adabu mahali wanapokaa wananchi, na diwani wetu atauliza maswali matatu: ushuru wa mazao uliokusanywa mwaka jana ni kiasi gani, ulirudi shambani kiasi gani, na ni lini mfuko wa fidia utawekwa katika makisio. Tutaandika kila jibu, pamoja na jina la aliyelitoa, na tutalichapa hapa katika toleo litakalofuata.